Idhini ya Mzee Kandidus

Saidi alinipigia simu mwezi wa saba, asubuhi, nikiwa kazini Mbeya nimejifunika shali kwa baridi. Saidi ni mtu wa Tunduru, fundi mashine, na si kawaida yake kuanza mazungumzo bila kukuulizia mpaka kuku wa nyumbani. Siku hiyo salamu zilikuwa mbili tu. "Editha, Mzee Kandidus amefariki. Wanazika kesho Mjimwema." Nikasema pole, nikauliza aliugua nini. Akasema uzee tu. Nikasikia nyuma yake mashine ya kukata karatasi ikishuka na kupanda, akaongeza: "Nimeona nikwambie wewe kwanza." Hakusema kwa nini mimi kwanza, na mimi sikuuliza. Niliomba ruhusa, nikapanda basi la kwenda Songea, na njia nzima nilikuwa naufikiria mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na nne na nikijiona nina akili kuliko mji mzima. Mimi ni mtoto wa nani na nilisoma wapi, hayo yaacheni. Hayamo katika habari hii, na mzazi wangu hana kosa ndani yake.

Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapo Songea, mtaa wa Majengo, nyuma ya duka la magodoro. Vyumba vilikuwa viwili na ua. Chumba cha mbele tulikaa sisi wa kompyuta, cha nyuma alikaa bosi wetu, Bwana Haule, na kati yetu na yeye palikuwa na ukuta wa silingibodi ambao haukuzuia hata chafya. Mashine ilikuwa uani chini ya bati, na Saidi alikuwa mfalme wa huko. Chumba chetu kilinuka wino, mafuta ya taa na dagaa Nyasa, kwa sababu mama mmoja wa jirani alikuwa akituletea ugali saa saba kamili na tulikula palepale juu ya meza, tumesogeza kibodi pembeni. Bwana Haule alichukia hilo. "Mnachapisha kadi za harusi zenye harufu ya ziwa!" alifoka. Lakini naye alikuwa akitoka chumbani mwake na kumega tonge, anakula amesimama, na akimaliza anafuta mkono kwenye karatasi zilizoharibika na kutuuliza kazi zimefikia wapi.

Kazi zilipofikia zilionekana ukutani. Bwana Haule alikuwa amekwenda semina Dar es Salaam akarudi na mfumo. Wenzake walirudi na vitenge vya wake zao, yeye alirudi na mfumo. Ulikuwa ubao ndani ya kompyuta, na tukauwasha kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani ili kila mtu auone. Kila kazi ilikuwa na kadi yake, na kadi ilisafiri kutoka safu moja kwenda nyingine: Imepokelewa, Usanifu, Inasubiri Mteja, Imeidhinishwa, Mashineni. Mimi ndiye niliyekuwa nachunga kadi hizo zote kabla hazijafika kwa Saidi. Napokea maandishi, nahakikisha picha, natoa prufu, ile nakala ya kukaguliwa, namtumia mteja, mteja anabonyeza kitufe cha kijani kwenye simu yake, na mfumo wenyewe unaandika jina lake na saa aliyokubali. Bila kijani, Saidi haruhusiwi kuweka pleti ya kuchapia. Ulikuwa utaratibu mzuri, sina ugomvi nao hata leo. Kadi ikikaa siku tatu inamsubiri mteja iligeuka nyekundu, na Bwana Haule kila Ijumaa alisimama mbele ya televisheni mikono kiunoni na kusema, "Sitaki kuona damu kwenye ubao wangu."

Sasa jamani, semina ya Dar es Salaam haikumjua mteja wa Songea wa miaka ile. Wateja wetu walikuwa mapadri wazee, walimu wakuu, wenye maduka ya pembejeo, akina mama wa vikundi. Nusu yao simu zao zilikuwa za kitochi. Mtu kama huyo atabonyeza kijani wapi? Tukabuni njia yetu, na nasema tukabuni, ila mbunifu nilikuwa mimi. Nilimfungulia kila mteja akaunti, paswedi nikaziandika nyuma ya kalenda, na prufu ikiwa tayari nampigia simu au anakuja mwenyewe kuiangalia. Akisema sawa, naingia kwa jina lake na kumbonyezea. Wote ofisini walijua. Bwana Haule alijua, na alinisifu mbele ya wageni kwamba huyu binti ameufundisha mfumo Kiswahili. Na kwa miezi mingi sikumbonyezea mtu neno ambalo hakulisema.

Mzee Kandidus alikuwa na duka la dawa za shamba, na kibali cha kununua dawa kwa madumu makubwa na kuifungasha kwenye chupa ndogo. Alikuwa mrefu, mkavu, koti la bluu siku zote hata jua likiwaka, na rozari inachungulia mfukoni. Akiingia tunasimama. "Shikamoo baba." "Marahaba wanangu, mmeshindaje na hayo mataa yenu?" Alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya gazeti, akaviweka mezani kimya kimya, kisha akaketi kuangalia lebo zake. Hapo ndipo ungemjua. Lebo moja aliisoma nusu saa, kidole kikitembea chini ya kila neno. Saidi alimtania, "Mzee, hiyo ni lebo au misale ya padri?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Misale ukikosea, Mungu anaelewa. Mhindi hauelewi." Maana lebo zake zilibeba kipimo, na kipimo cha wakulima wetu si mililita. Nani ana chombo cha mililita shambani? Kipimo ni kizibo cha chupa yenyewe. Dawa yake ya magugu, ile inayoua nyasi na kuuacha mhindi, ilikuwa vizibo vinne kwa bomba moja la mgongoni. Nusu ya wilaya waliijua hesabu hiyo kwa moyo.

Mwezi wa kumi na moja kiwanda kilichomuuzia chupa kikazibadilisha. Mzee alinipigia kuniagiza lebo za msimu, muundo uleule, ila zipunguzwe upana zikae kwenye chupa mpya. Nikazitengeneza, kadi ikaingia Inasubiri Mteja, nikampigia aje aangalie. Akasema hawezi. Mdogo wake amefariki huko upande wa Hanga, yumo njiani kwenda kuzika, na gari alilopanda lilikuwa likipiga kelele mpaka tukawa tunapayukiana. Nikamsomea lebo kwenye simu, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye vizibo vinne akanikatiza. Maneno yake nayakumbuka kuliko jina langu la kipaimara. "Hapo usiende, mwanangu. Kizibo cha chupa hii nimekiona kikubwa. Nikirudi nakipima kwa maji, nakwambia viwili au vinne. Ngoja kwanza." Nikasema sawa baba, pole na msiba. Ndani ya kadi nikaandika kwa mkono wangu: Mteja atapima kizibo.

Zikapita siku tatu, nne, kadi nyekundu. Simu yake haikupatikana, huko alikokuwa mtandao ulikuwa wa kupandia kichuguu. Mvua za kwanza zikaanza, na unaijua Songea mvua zikianza, hakuna anayezungumza jambo lingine. Winfrida, binti yake aliyebaki dukani, akaja mara mbili kuuliza lebo, wakulima wamesimama barazani. Ijumaa ikafika. Nyekundu ilikuwa moja tu kwenye ubao mzima, na ilikuwa yangu. Nilikuwa kibarua nangoja mkataba, na asubuhi ile Bwana Haule alikuwa ameniambia kwamba Jumatatu anamchagua msimamizi wa kazi zote za kabla ya mashine. Nikajiambia mzee huyu hajawahi kukataa prufu yangu hata moja. Nikajiambia kizibo ni kizibo. Nikafuta yale maneno niliyoandika kwenye kadi, nikageuza kalenda, nikaingia kwa jina lake nikabonyeza. Saidi aliiona kadi inakwenda kijani akapaza sauti kutoka uani, "Editha, umempata mzee?" Nikamjibu, "Nimempata, amekubali." Akasema alhamdulillahi, akaweka pleti. Saa saba tulikula ugali kama kawaida, na nilikula vizuri, hilo nalo niliseme.

Lebo zilitoka Jumamosi, Winfrida akazipokea, wanawake wakazibandika, chupa zikaondoka. Mzee alikaa matangani wiki mbili. Aliporudi alikuta rafu nyeupe. Nilisimuliwa baadaye kwamba alichukua chupa moja iliyobaki, akaisoma kwa kidole chake, akamuuliza Winfrida ni nani kasema zichapwe. "Si wewe baba? Walisema umeshaidhinisha." Akaomba sindano ya hospitali ya kupimia na kikombe cha maji. Alipima kizibo mara tatu. Kilibeba mara mbili ya kile cha zamani. Siku hiyohiyo akapanda pikipiki, mtu wa miaka sabini na kitu, akaenda kijiji hadi kijiji kwenye mvua, akiomba mapadri na makatekista watangaze baada ya misa kwamba ni vizibo viwili, viwili tu. Wengine waliwahi. Wengi walikuwa wameshapulizia. Mahindi yaliyokuwa yametoa majani ya kwanza yakageuka njano, yakajikunja, yakalala. Na shamba la kwanza kulala lilikuwa la mjane wa mdogo wake, yule aliyekuwa ametoka kumzika mume, kwa sababu Winfrida alikuwa amempelekea chupa mbili za bure kama pole ya familia, na vibarua wakazipulizia moja kwa moja shambani bila mzee kuziona.

Januari wakaja ofisini, Mzee Kandidus, mke wake Mama Winfrida, na Winfrida. Bwana Haule aliwaingiza chumbani kwake. Kabla hajafunga mlango akanigeukia, "Editha, nitolee historia ya ile kadi." Nikaichapa. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Karatasi moja, mistari sita, na mstari wa tano: Imeidhinishwa na mteja, Kandidus, Ijumaa, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nikaipeleka, nikaiweka mezani mbele yao, nikatoka, nikakaa upande wangu wa silingibodi. Nilisikia kila kitu. Bwana Haule aliisoma kwa sauti ya upole, hakuwa mtu mbaya, aliamini anachosoma. Mzee akasema, "Mimi nilimwambia binti angoje." Bwana Haule akamjibu, "Mzee wangu, mfumo hauna upendeleo. Jina lako hili, na saa hii hapa." Nikasikia Mama Winfrida akisema kwa sauti ya chini, kwa uchungu, "Baba Winfrida, ulikuwa na msiba. Kichwa kilikuwa kimejaa. Sema tu." Nikasikia karatasi ikivutwa juu ya meza. Kisha mzee akasema, "Kama imeandikwa hapo, basi labda nilisema. Labda nimesahau."

Mlango ulikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti changu. Nimezihesabu hatua hizo mara nyingi kuliko nilivyosali. Ningesimama, ningesema sentensi moja, ningefukuzwa kazi, na yule mzee angetoka mle ndani akiwa na kichwa chake. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Walipotoka, Saidi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, glavu mkononi, akanitazama mimi wala si wao. Baadaye akaniambia, "Njia ya mwongo ni fupi, dada." Lo, Saidi! Yangu imekwenda miaka kumi na miwili. Na mkataba nilipewa. Bwana Haule alisema mfumo umetuokoa, na aliyeutunza ni mimi.

Kilichofuata ndicho kilichonifukuza Songea, ingawa watu niliwaambia nimepata kazi yenye maslahi. Familia ilikaa kikao wakamnyang'anya mzee funguo za duka. Si kwa ubaya. Walisema ameanza kusahau, atakuja kumuua mtu. Winfrida akawa anakuja na lebo, na mimi nikawa nampa akaunti yake mwenyewe na kumfundisha kubonyeza, maana tangu siku ile sikubonyeza kwa jina la mtu. Mzee nilimwona mwaka wa tatu, mwezi wa nane, nje ya kanisa. Nilitaka kukwepa, akaniwahi. Mfukoni, penye rozari, palikuwa na kijidaftari na kalamu imefungwa uzi. Kabla hajanisalimu alikitazama kwanza, akaandika kitu. "Naandika kila ninayeongea naye," akasema, "ili nisije nikamsingizia mtu." Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ni Editha. Nisamehe, mwanangu. Nilikwambia uendelee, halafu nikaja kukukana mbele ya bosi wako. Ungepoteza kazi kwa ajili ya kichwa changu." Na mimi, Mungu anisamehe kama anaweza, nikasema, "Usijali, baba. Yameshapita." Akaandika na hilo. Mwezi uliofuata nikahama.

Haya basi. Nilifika Mjimwema maziko yakiwa yamekwisha, watu wanasambaa. Nikalala kwa Saidi, na kesho yake nikarudi msibani, nikawakuta wanawake uani wanachambua maharage, mablanketi mabegani. Nikaomba kuzungumza na Mama Winfrida na bintiye. Wakaniingiza kwenye chumba cha mzee. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa godoro, na juu ya kreti ya soda vilipangwa vile vijidaftari, rundo zima, kila kimoja kimefungwa uzi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya utangulizi tangu Makambako. Yote yakanitoka. Nikasema, "Mama, baba hakusahau. Aliniambia ningoje akapime kizibo. Aliyebonyeza ni mimi, kwa jina lake, na nilijua." Nikasema tena kwa sababu nilihisi hawajasikia. Walikuwa wamesikia. Winfrida alisimama, akanitazama kama anayetafuta pa kunipiga, kisha akashika mdomo. "Funguo nilimpokonya mimi," akasema. "Mkononi. Alikuwa hataki kuziachia." Akatoka nje, na nikasikia wanawake uani wakimuuliza kuna nini.

Mama Winfrida alibaki ameketi kwenye mkeka, miguu amenyoosha, mikono magotini. Nilipiga magoti mbele yake. Nilingoja anilaani, na wallahi, kama anavyosema Saidi, ningeitikia amina. Lakini alikuwa akitazama kreti. Akaanza kusema taratibu, kama mtu anayejisimulia mwenyewe. Kwamba yule mjane alihama na watoto kwa njaa mwaka ule, akarudi kwao, na hakukanyaga tena nyumba hii mpaka alipokufa. Kwamba mzee mwanzoni alibisha. Kila wakikaa kula, alianza: mimi sikusema ndiyo kwa yule binti. Naye mama alimjibu, ulisema baba, karatasi tuliiona wote, kula ugali unapoa. Mwaka wa pili bado anabisha, mwaka wa tatu akaacha. Baada ya hapo akawa anakula tu. "Nilidhani amekubali," akasema. "Nikashukuru Mungu kwamba amekubali."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. Machoni hakuwa na hasira, na ningeipenda hasira. "Wewe nitakusamehe, ni mwanangu tu," akasema. "Lakini jana, mwanangu, kabla hawajafunika, nilijikaza nikainama pale kaburini. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeshindwa kulitamka neno moja. Nikamwambia, Baba Winfrida, yale mahindi ya mjane wa shemeji yangu, leo nimekusamehe."